Sauti ya Katikati ya Jina la Pearl

Jumatatu, 21 Julai 2025
Wamemchukua! Pearl wangu. Wasichana wote wa Takoradi na vyeti vyao, na redio imemchukua binti wa muuza vitenge. Kwa majaribio – lakini wamemchukua. Taarifa ya habari ya Kiingereza, saa saba mchana, inayosikilizwa na watu wa mafuta na watu wa benki.

Soko zima limeshajua. Nimehakikisha. Auntie Araba wa vitunguu, jirani yangu wa meza, akauliza sasa tuwe tunakusalimia kwa Kiingereza, Mama Pel? Nikamwambia salimia kwa unachokiweza.

Mtoto huyu alikuwa anasoma habari kwenye mwiko kabla hajajua kufunga viatu. Mwiko wangu wa kusongea banku, anaushika mdomoni, anatangaza nani kapigwa darasani. Mimi nilijua.

Jumanne, 22 Julai
Hakula. Kenkey, donge la mahindi analolipenda, imepoa, samaki amekauka kwenye sahani. Nilimng'ang'ania mpaka akasema.

Bosi wa redio, Bwana Essuman, yule aliyekaa Uingereza mpaka akasahau pilipili, alimkatiza katikati ya kusoma. Sauti nzuri, kasema. Kiingereza kizuri. Ila irabu moja hana. Nikasema irabu moja tu, si wampe? Hakucheka.

Ni ile iliyo kwenye maneno ya Waingereza ya nesi, na kanisa, na kazi. Sisi wote huku tunatia e, tunaendelea na maisha. Kumbe wenyewe hawatii e. Na imo kwenye jina lake. Alipojitambulisha, "Mimi ni Pel," Bwana Essuman akatazama karatasi, akauliza Pel ndiye nani, mbona hapa pameandikwa mtu mwingine?

Jina nililompa mimi. Nililiona kwenye kopo la poda wodi ya wazazi, nesi akaniambia maana yake lulu. Mama yangu alitaka aitwe Ekua peke yake, kwa kuwa kazaliwa Jumatano. Nikakataa. Nikasema huyu atakuwa na jina la kung'aa. Sasa jina lenyewe ndilo linamkwaza mlangoni.

Alhamisi, 24 Julai
Mambo yamekuwa makubwa. Alhamisi ijayo anasoma hewani. Irabu ikiwa imekaa sawa, kazi ni yake. Isipokaa, taarifa anapewa msichana mwingine, na yeye ahamie matangazo ya vifo ya alfajiri, kwa Kifante, kwa jina la Ekua. Kifante ni lugha yangu, siidharau. Lakini mtoto hakuota kutangaza vifo.

Na jambo jingine. Alilizungusha sana kabla ya kulitoa. Bwana Essuman kauliza nani anamwita Pel nyumbani. Kila mtu, kasema. Mama zaidi. Basi mama apumzike kidogo kukuita hivyo, kasema, sikio lako litulie.

"Siku hizi chache tu, Maa. Niite hata 'wewe'."

Nikasema sawa. Nikaenda kufua nguo zilizokuwa safi.

Jumapili, 27 Julai
Nami najifunza. Siwezi kumwita mwanangu "wewe" kama mteja anayepunja.

Sijui hata niiandike vipi, haina herufi. Si a, si e, si o. Iko katikati, kama mtu aliyesahau alichotaka kusema. Pearl ananifundisha mbele ya kioo: legeza ulimi, Maa. Usitabasamu. Usichongoe midomo, humbusu mtu. Nikijaribu inatoka e. Naye akijaribu – mara moja inatoka, mara mbili inatoroka. Akikosea anajipiga paja. Limeshakuwa jekundu.

Kanisani kila mtu "Mama Pel, Mama Pel". Nikawaambia siyo Pel, ni – nikatoa nilichonacho. Auntie Araba kanishika shavu. Jino linauma?

Nimecheka naye. Usingizi sikupata.

Jumatatu, 28 Julai
Nimeangalia kalenda ya sokoni. Alhamisi yenyewe ni tarehe thelathini na moja. Nikaisema kwa Kiingereza polepole: Thesde, theti-fest. Irabu ile ile – kwenye Alhamisi, kwenye thelathini, kwenye moja. Mara tatu kabla hajafika hata kwenye habari! Mwezi una siku zote hizo, wakamchagulia hiyo.

Nilimficha mpaka jioni, nikashindwa.

"Maa, nimeiona tangu wiki iliyopita. Unadhani kwa nini sili?"

Jumatano, 30 Julai
Ameipata. Kwenye mwayo! Alikuwa anapiga miayo jikoni, ghafla akaganda mdomo wazi. "Maa, ndiyo hii. Iko ndani ya mwayo." Akaivika p mbele na l nyuma, ikakaa. Tena. Tena. Ikakaa. Tukapiga miayo wote wawili kama paka, na machozi juu.

Kisha nikaiweza na mimi. Kweli kabisa. Nilikuwa bafuni, nikatoka na taulo, nikamwita jina lake lote, sawasawa, kama alivyolitaka bosi wake.

Akageuka taratibu. Akasema, umeniita kama mgeni, Maa.

Akacheka. Mimi pia. Lakini neno hilo halijanitoka.

Alhamisi, 31 Julai
Naandikia mezani. Saa saba tuliwasha redio kila meza, mpaka wauza samaki wakanyamaza. Akaingia. Alhamisi – ikatoka. Thelathini na moja – ikatoka, zote, laini, kama aliyezaliwa nayo. Bandari, barabara, bei ya kakao. Hakuteleza hata mara moja. Nilikuwa nimeng'ata kitenge cha mteja.

Mwisho wa taarifa anataja jina. Kapumua, nimemsikia. Kisha:

"Mimi ni Pel."

Pel. Kama ninavyomwita mimi.

Soko likalipuka. Auntie Araba kanikumbatia na harufu yake ya vitunguu, "Kamtaja! Kamtaja mtoto wetu!" Hawajui. Hapa pote najua mimi tu, na huko Bwana Essuman. Alichoka? Ilimponyoka? Au alijua kabisa anajitambulisha kwa nani?

Simu yake imezimwa.

Sasa namwona. Kashuka kwenye teksi, anakuja kati ya mafungu ya vitunguu, viatu mkononi. Uso hausomeki. Hajaniona, watu wamejaa. Auntie Araba ananisukuma kwa kiwiko: mwite basi, Mama Pel, atatupita.

Nimefungua mdomo. Sauti zote mbili za jina lake zimo