Simsim kwenye Hoteli ya Wajapani

Jumamosi

Nguruwe mwenyewe wamemvika makombo ya mkate, wakamkaanga, wakamkata vipande kana kwamba mimi sina meno. Alikuwa mtamu, siwezi kusema uongo. Lakini ile kabichi mbichi waile wenyewe.

Ni Nafula, mjukuu wangu anayeniita Kukhu, aliyenipeleka huko kula chakula cha mchana. Huyu alizaliwa hapa Joburg. Kiswahili anakisikia, lakini ananijibu Kizungu tu. Nimekuwa nikiogopa kwamba nikifa, mtoto huyu atabaki hana kwao.

Basi mhudumu akatuwekea kila mtu kibakuli cha simsim iliyokaangwa, na kijiti cha kusagia. Ile harufu! Tangu nije huku sijasaga simsim kwa mkono wangu. Nikaanza.

"Kukhu, inatosha!" Nafula akaninong'oneza kwa Kizungu chake. "Unaponda kidogo tu, halafu unamimina sosi."

"Nyamaza. Simsim ambayo haijatoa mafuta ni chakula cha kuku."

Nikasaga mpaka ikawa laini na nzito, kama ya mama yangu kule Busia. Nafula akachovya nyama, akatafuna. Halafu akauliza, kwa Kiswahili, "Kukhu, nani alifundisha wewe?"

Nikamweleza habari za mama, alivyopiga magoti mbele ya jiwe la kusagia akiimba. Nafula hakuigusa simu yake.

Kisha akavuta kibakuli chake, akaanza kusaga kivivu. Nikamgonga vidole, vile mama alivyokuwa akinigonga.

"Kaza mkono, wewe!"

Watu wote wakageuka. Wageuke.