Filamu ya Mtu wa Karatasi

Beni, Jumatano

Mama yangu,

Salamu nyingi kwako na kwa wote wa nyumba yetu ya Luofu. Mguu unaendeleaje? Nimesikia umeanza tena kushuka kwenye maharagwe asubuhi na mapema, na baridi yote hiyo, na hakuna wa kukukataza. Mimi ni mzima, nakula, nasali. Barua hii nampa sista anayekuja huko na dawa, naye mdogo wangu Kahindo atakusomea. Mwambie asome polepole, na wewe ukae chini kwanza. Tumempata Kakule wetu.

Ngoja nianze mwanzo, maana ukisikia katikati utadhani nimerukwa na akili. Unaijua kazi yangu, ile usiyoipenda, ya kueleza filamu kwenye nyumba ya video. Watu wanaangalia, mimi nasimama karibu na televisheni na kuwaambia kwa Swahili yetu nani amesema nini. Nusu ya maneno ya wale Wachina siyajui, nayatunga tu, na watu wanajua. Aliyekwisha kuiona filamu huko Butembo hanyamazi, anapiga kelele toka kwenye benchi: "Hapana vile, Kavira! Ule hapana kufa, anarudiaka!" Nami narekebisha. Ndivyo kazi yetu ilivyo, aliyeiona ndiye anayesahihisha.

Basi Jumapili moja, wiki mbili sasa, baada ya misa, padiri aliniita kwenye ukumbi wa paroisse, kando ya kanisa. Kuna binti mmoja mzungu anayekaa kwa masista, ana kaseti za filamu fupi fupi ambazo rafiki zake wametengeneza kwa vitambaa, udongo na karatasi. Alitaka kutuonyesha bure, eti tupumzike na habari za vita. Wakaziba madirisha kwa blanketi na magunia, jenereta ikawashwa nje, shuka jeupe likatundikwa ukutani. Watu walijaa mpaka mlangoni.

Mama, sijawahi kuona vitu kama vile. Mwanasesere asiye na macho anachana nywele, na nywele zinakua mpaka zinajaza nyumba. Kisha mikono miwili ya udongo, bila mwenyewe, inatembea mezani ikipapasa kama inatafuta kitu. Hakuna anayesema neno, ni mlio tu wa mabati yanayokwaruzwa. Watoto walilia. Mama mmoja alitoa rozari akaanza kusali kwa sauti.

"Padiri, bitu ibi binasema nini?" watu wakauliza. "Kavira atuelezee!"

Binti akajibu, padiri akatafsiri, kwamba filamu zake hazina maneno, kila mtu ajisikie mwenyewe moyoni. Watu wakakataa kabisa. Filamu isiyo na mtu wa kuieleza watu wa Beni hawaihesabu kuwa filamu. Wakanisukuma mbele.

Nilipogeuka kuwatazama, mwanga wa shuka ulikuwa unawaangukia wa benchi la kwanza. Na pale, kando ya padiri, kwenye kiti chenye mto, amekaa Zakaria. Ndiyo, Mama, Zakaria yuleyule jirani yetu tulipokuwa tukikaa Vulamba, aliyeitamani mikaratusi ya Kakule, na alipokataliwa akaenda kuwaambia askari kwamba kijana wako anapeleka chakula kwa watu wa msituni. Sikujua hata kama amehamia Beni. Amenenepa. Alikuwa anakula karanga.

Nilimchukia palepale upya, na chuki ile ilinipa nguvu, sitakuficha. Filamu ya tatu ikaanza. Mtu mweusi wa karatasi, ana kofia, hana uso, anaburuta kitu kizito kilichofungwa kitambaa cheupe kwenye shamba tupu. Anaburuta, anasimama, anatazama nyuma, anaburuta tena.

Nikaanza. "Huyu mutu ni mwenyeji wa Vulamba," nikasema, na watu wakacheka. "Ana jirani mwenye miti mizuri. Anaitaka. Jirani anakatala. Donc anakwenda kuona basoda." Hapo kicheko kikapungua. Nikaeleza jinsi askari walivyokuja tukiwa tunakula, jinsi huyu mwenye kofia alivyosimama njiani akinyoosha kidole, jinsi kijana alivyoondoka na kiatu kimoja. Nilieleza yote kwa sauti yangu ya kazi, bila kulitaja jina. Zakaria aliacha kutafuna, lakini hakuondoka. Angeondokaje, watu wote wakimwona?

Sikuwa na hila ya kumtega, Mama, wasikudanganye wanaonisifu sasa. Nilitaka aumie tu. Nikatafuta neno baya kupita yote ambalo kwetu Wanande mtu anaweza kuambiwa, nikalipata. Nikasema: "Mwangalie vizuri. Hapana kumuzika. Alimuacha juu ya udongo kama mbuzi wa kufa, imbwa banamukula, yeye anarudi kwake anakunywa pombe yake ya kasiksi."

Zakaria akasimama. Kivuli chake kikaziba shuka lote.

"Bongo! Anadanganya! Hapana vile!" alipiga kelele. "Ule mutoto tulimuzika! Basoda balitaka kumuacha, ni miye nilileta jembe! Ni kule nyuma ya usine ya kahawa, njia ya Musienene, chini ya muavoka! Tulimuzika!"

Halafu mzee mmoja toka nyuma, mteja wangu wa kila siku, akasema taratibu: "Ah, ule aliiona ile filamu."

Hakuna aliyecheka. Zakaria alibaki amesimama, mdomo wazi, ganda la karanga limemganda kidevuni. Aibu ya kumsaliti mtu alikuwa ameivumilia miaka yote na kulala usingizi, lakini kuitwa mtu asiyezika kulimshinda. Yule binti mzungu, maskini, alipiga makofi akidhani tumependa.

Askari waliokuwa wanamlinda walishaondoka siku nyingi na hawa wapya hawamjui, kwa hiyo hakuwa na pa kukimbilia. Wazee wa paroisse walilala mlangoni kwake. Kesho yake tulipanda gari la kubeba mbao mpaka Butembo, yeye katikati yetu. Kiwanda kile kimekufa, ni kuta tu, lakini mparachichi, ule muavoka, upo. Mjomba alitaka vijana wachimbe. Nikakataa. Nilimpa Zakaria jembe mwenyewe, akiwa bado ndani ya suti yake ya Jumapili. Alipofikia mfupa wa kwanza alitaka kuacha, akalia, akaniita "mama". Nikamwambia achimbe kwa mikono kuanzia hapo, asimvunje. Akachimba. Sikumhurumia hata kidogo, na mpaka naandika hii bado sijamhurumia. Kiatu kilikuwa kimoja.

Kakule yuko ndani ya sanduku, kwa mjomba, Butembo. Tunakungoja wewe tu umzike na kuvunja matanga yake.

Msalimie baba mdogo, mwambie mbuzi aliyemweka kwa siku hii asimuuze tena. Msalimie shangazi mwenye macho mabaya, na mke wa Kakule, ambaye sasa anaruhusiwa kulia. Msalimie katekista wetu, na Kahindo anayekusomea: afute machozi aendelee, imebaki mistari michache.

Zakaria anatuma watu kila jioni kuomba msamaha. Padiri aliniuliza kama namsamehe. Nimemwambia neno hilo si langu, ni la mama aliyemzaa marehemu, na kwamba nakuandikia wewe kukuuliza. Mpaka utakapojibu, Zakaria hawezi kukaa kwenye benchi lolote la kanisa hapa Beni. Anasimama nje, mlangoni, mvua au jua.

Kwa hiyo nijibu, Mama. Lakini kama jibu lako ni ndiyo, usiharakishe.

Mimi binti yako,
Kavira