Vyuma vya Idara

Jumatatu, 3 Novemba

Jiwe jingine limeanguka alfajiri. Kubwa kama mkate wa mofa! Limetua pale pale wanapopita watoto wa madrasa. Bahati mvua ilikuwa imewachelewesha. Nimeliokota, nimeliweka kibarazani watu walione. Mama yuko juu, hakusikia — au kasikia, kajitia hamnazo.

Ufa wa chini ya roshani sasa naingiza vidole vyote vinne. Ramadhani ulikuwa unaingia sarafu tu.

Fundi yuko tayari. Boriti ziko tayari, zimelala uani. Kilichobaki ni ruhusa ya Idara ya Majumba ya Kale, maana nyumba hii wameiandika ya urithi, na nyumba ya urithi mwenyewe haruhusiwi kupigilia hata msumari. Ombi letu liko kwao tangu mwaka juzi. Ukienda wakwambia afisa yuko Nairobi. Ukipiga simu Nairobi wakwambia afisa yuko Mombasa. Maskini, hana hata mahali pa kukaa!

Dishon, mpangaji wetu wa chini, mtu wa reli, ameniambia niache kwenda Idara, niende kwa Mbunge. Swali likiulizwa kwa maandishi Bungeni, Waziri hana budi kujibu. Dishon hufuata mambo ya Bunge redioni kama wenzake wanavyofuata mpira. Nimemwambia nitafikiri. Mheshimiwa mwenyewe mimi nimemwona arusini na matangani tu.

Jumatano, 5 Novemba

Nimekwenda ofisi ya Mheshimiwa, Ndia Kuu. Mwenyewe hayupo — lini amekuwapo? Nimemkuta msaidizi wake, Kahindi, mtu wa makamo, shati limepigwa pasi mpaka kola inang'aa. Kanisikiliza vizuri. Vizuri mno. Kaandika, kanisomea: Je, Waziri anafahamu kwamba nyumba ya urithi iliyoko mtaa wa Kuze, Mombasa, iko katika hatari ya kuanguka, na ni hatua gani zinazochukuliwa kuiokoa?

Nikamwuliza, kwa nini "hatua gani"? Si tuulize tu: ruhusa mtatoa lini? Na kama mnajenga wenyewe, mtamaliza lini?

Kasema Bunge lina adabu yake. Swali lenye hasira hurudishwa.

Hasira! Mimi pale soko la Marikiti nauza viungo, mteja akiniuliza lini nitaleta iliki mpya huwa amenitukana?

Nimetia sahihi. Lakini njia nzima nimerudi na wasiwasi. Ofisi ya serikali ikikukubalia haraka hivyo, ina lake. Hata chai kanipa, na biskuti.

Ijumaa, 7 Novemba

Mvua. Sokoni watu wachache, bizari imeshika unyevu.

Kahindi amepiga simu: swali limepita, liko kwa Waziri. Dishon amefurahi utadhani nyumba ni yake.

Nimemwomba Mama tena ahamie kwa dada yangu, Kisauni, mpaka tujue mbele na nyuma. Akaja juu.

"N'mezawa nyumba hini. Huko Kisauni n'ende n'kafanye nini? Wanifukuza?"

Kitanda chake kiko juu ya ufa haswa. Alipokwenda kutawadha nimekisukuma upande wa pili wa chumba. Aliporudi kamwita Dishon akirudishe, na Dishon, kwa heshima zake, kakirudisha! Nimegombana naye ngazini. Asema hawezi kumkatalia mtu mzima kama yule.

Jumanne, 11 Novemba

Idara imekuja. Wenyewe! Kwa gari!

Yule afisa asiyeonekana ni mwanamke, anaitwa Bi Trizah. Kofia ya manjano ya plastiki, viatu vya mvua, kamera shingoni. Kamwamkia Mama shikamoo kwa kupiga goti. Kasifu mlango, kasifu roshani, kasifu hata mitungi ya uani. Kasema kazi inaanza kesho kutwa.

Kazi gani? nikauliza.

Ya kuokoa nyumba.

Mnakuja na boriti? Na chokaa?

"Tutaanza na hatua ya kwanza, Bi Mwanakuu."

Hatua. Neno lile lile la Kahindi.

Kuze nzima wananipa mkono. Wasema nimeishinda serikali. Mimi nacheka nao, lakini moyo haucheki. Barua zetu wamezipoteza mara ngapi, wakidai nyumba hawaijui iko ujia gani. Leo kaja moja kwa moja mpaka mlangoni, hata mtu wa kumwonyesha njia hakumtaka.

Alhamisi, 13 Novemba

Lori la vyuma. Msimamizi wao ni Kyalo, Mkamba, mpole, sauti ya chini. Wamesimamisha mihimili ya chuma kutoka ujiani mpaka chini ya roshani, mingine ndani sebuleni kwa Dishon. Wakaikaza kwa parafujo, kidogo kidogo, mpaka sakafu ya juu ikalia. Mama kapiga kelele — si za hofu, za kuwaambia wasimtilie vumbi kwenye maji.

Kazi safi. Sina haja ya kusema uongo.

Ila Kyalo alipokwisha kaugongagonga ukuta kwa nyundo, kaweka sikio, sura ikambadilika. Kaniita kando.

"Mama, huu ukuta ulikuwa umejishikilia wenyewe kwa shida. Sasa tumeuinua, haujishikilii tena. Umelalia hivi vyuma. Mtu asivisogeze."

Vitakaa mpaka lini?

Katazama lori. Kasema yeye hutumwa tu.

Bi Trizah kapiga picha. Nyingi! Kamtaka Mama asimame mlangoni, na Mama mbio kabadilisha leso, kavaa ile mpya ya Idi. Kisha wametundika bango: UKARABATI UNAENDELEA. Wakaenda zao.

Jumatatu, 17 Novemba

Ijumaa hawakuja. Jumamosi hawakuja. Leo hawakuja. Hakuna chokaa, hakuna boriti, hakuna hata ndoo.

Nimekwenda kwa fundi wetu, nikamwambia aje aanze, liwalo na liwe, vyuma si vipo? Kakataa. Bango la serikali lile, asema. Akigusa atafungwa yeye, sio mimi.

Nikapitia Idara na ombi letu la ruhusa. Karani wa dirishani katafuta, kasema limefungwa. Nyumba iko chini ya ukarabati wa Idara, mwenye nyumba hawezi kuomba ruhusa ya kazi inayofanywa.

Nikamwambia haifanywi.

"Bango lipo?"

Lipo.

"Basi inafanywa, mama."

Nilitaka kupiga lile dirisha! Mwezi uliopita nilikuwa na nyumba mbovu na ombi. Leo nina nyumba mbovu na bango.

Jumatano, 19 Novemba

Jibu limetoka. Kahindi kaniletea nakala mpaka nyumbani, na shati lake la kung'aa. Kasoma Dishon kwa sauti, sebuleni, katikati ya vyuma. Idara imechukua hatua za dharura. Ukuta umeegemezwa. Ukarabati umeanza. Wakaazi wameeleza kuridhika kwao. Na nyuma yake picha ya Mama, na leso yake, anacheka meno nje.

Nikasema huu uongo.

Kahindi kasema hapana, Bi Mwanakuu, hapo hapana neno hata moja la uongo. Ndiyo maana vyuma vililetwa. Kulidanganya Bunge ni kosa kubwa, hakuna afisa anayethubutu. Kwa hivyo hulifanya jambo likawa kweli, mpaka jibu lifike.

Na likishafika?

Kanyoosha kola yake.

Nimekaa kitako pale pale sakafuni. Kumbe wanaogopa kusema uongo. Kutuangushia nyumba hawaogopi.

Nikamwuliza Mheshimiwa asemaje. Mheshimiwa ameridhika, ametoa shukrani. Tuulize swali jingine basi, lenye "lini" ndani yake! Kasema Bunge linakwenda likizo, mpaka mwakani.

Alijua. Huyu alijua tangu siku ya biskuti. Nimemwambia usoni, mbele ya Dishon. Hakukasirika. Katazama viatu vyake, kaaga, kaondoka. Dishon asema nimemwonea, mtu ni mwajiriwa, huandika maswali kama alivyofundishwa. Dishon humwonea huruma kila mwenye meza. Mimi simwamini aliyeuliza wala aliyejibu. Kwa jinsi walivyoelewana, mbona kama wamekaa chumba kimoja?

Ijumaa, 21 Novemba

Mvua tangu asubuhi. Nimefunga kibanda mapema, nimekaa na Mama.

Asema tangu vyuma vije analala vizuri, nyumba imetulia, haimung'unyi tena. Nikamwuliza kama haogopi.

"Ya nini? Serikali imen'shika mkono."

Nimecheka. Halafu machozi yakanijia, nikenda jikoni nikajifanya nakatakata vitunguu.

Jumanne, 25 Novemba

Kahindi kaja Marikiti! Katikati ya wapagazi na matope, kwa viatu vya ofisi. Kaomba mdalasini. Nimempimia, simtazami. Naye hanitazami. Kasema polepole, kama anayesoma bei:

"Kesho wanakuja kuchukua vyuma. Ni vya kukodi. Kuna nyumba nyingine Ndia Kuu, seneta aliiulizia swali kabla ya likizo. Vinahamia huko."

Mizani ikaniponyoka mkononi.

Kasema tena: Kyalo na watu wake wana sheria yao, hawalegezi chuma hata kimoja kama juu kuna mtu. Kisha kaondoka. Kalipa, mdalasini kauacha.

Kwa nini kaniambia? Dishon asema dhamiri. Mimi siijui dhamiri ya kutoka ofisi ile. Nimeigeuza kila upande. Labda ni mtego: nimwache Mama juu, wavilegeze vivyo hivyo, ukuta ushuke, halafu iandikwe kwamba wakaazi walitakiwa watoke wakakataa. Na hilo nalo litakuwa kweli, kila neno!

Lakini kama si mtego, ndiyo njia pekee niliyo nayo.

Dishon ataka tumpeleke Mama Kisauni leo hii, hata kwa kumbeba. Vitu vyake mwenyewe ameshaanza kuvifunga, sebuleni pake ndipo penye vyuma vingi. Nimemwambia anipe mpaka kesho. Simlaumu. Nimemkasirikia tu.

Jumatano, 26 Novemba

Niko ngazini, nje ya mlango. Naandika hapa hapa, mkono upate kazi.

Lori limekuja saa mbili. Kyalo hakunitazama machoni. Kapanda kwa Mama, kavua kofia, kamwomba ateremke kidogo, saa moja tu, anywe chai kibarazani.

"Chai si hii hapa? Kaa unywe."

Kakaa, kanywa! Mama kamwuliza kwao wapi, kamwuliza mamake yu hai. Kateremka mikono mitupu, kanijia mimi. Kasema: "Wewe ndiye mtoto wake. Utamteremsha ama humteremshi? Mimi siwezi kufungua na yeye yuko pale."

Nikamwuliza, ukifungua itakuwaje?

Katazama mawingu. Kasema itaanguka leo leo, mvua ikishika.

Nimepanda. Nimesimama mlangoni mwa chumba. Mama kapakata sinia, anachagua mchele, miguu yake iko juu ya ufa haswa. Nilikuwa nimekwisha kunyoosha mkono nimshike. Tangu mwanzo wa mwezi ninamwomba atoke, na leo angalitoka — alinitazama, akasema, "Una nini, Mwanakuu? Wataka n'shuke?"

Nimesema hapana, Mama. Kaa.

Mimi! Nimesema mimi!

Akishuka, nyumba haipo. Asiposhuka, kinachozuia nyumba isianguke si chuma tena, ni mamangu. Naogopa. Dishon kapita na begi lake, kanitazama kwa jicho sijapata kuliona kwake. Kasema nimechanganyikiwa. Huenda.

Kyalo yuko juu ya lori, miguu inaning'inia. Watu wake wamekaa ujiani, wengine wameegemea vile vile vyuma. Watu wa Kuze wamejaa, kila mmoja na lake. Wingu limesimama upande wa bandarini.

Kyalo kampigia simu Bi Trizah. Wameongea sana. Sasa kaja, kanipa simu.

Sauti tamu ile ile. Habari za Mama? Njema. Asema ana jambo dogo tu, nimjibu kwa neno moja, ndiyo au la, analihitaji aandike ripoti yake: hivi sasa, ndani ya nyumba hiyo, kuna mtu au hakuna?

Nikisema yupo, ataandika ameonywa, amekataa. Nikisema hayupo, vyuma vinafunguliwa. Lipi kati ya hayo analitaka? Yote mawili yanamfaa!

Nimemwambia aniulize kwa maandishi.

Kaanza kuniita, Bi Mwanakuu, Bi Mwanakuu, halo. Nimeiweka simu juu ya ngazi, kando ya paja langu. Bado anaita. Kyalo kanyoosha mkono apewe simu yake, sijampa. Tone la kwanza limeanguka kwenye ukurasa huu