Hodi ya Tatu

Sokomatola, Mbeya
3 Juni 2024

Mwanangu Alawi,

Asalaam aleikum. Huku hatujambo, baridi tu ndiyo inatutesa. Hofu yangu ni kifua chako. Kikohozi kimepungua?

Kompyuta imefika salama. Huu mfumo wako wa Linux sijui niseme nini. Nimetafuta kile kitufe cha Start nilichozoea, hakuna. Inawaka haraka, na flashi za wateja zilizokuwa zikituletea virusi hapa dukani haziidhuru. Hayo nayapenda. Ila lile dirisha jeusi uliloniagiza nifungue ili printa ifanye kazi limenitia hofu. Liliomba nywila. Nikaandika, haikutokea herufi hata moja, wala nyota. Nikadhani kibodi imekufa. Nikaandika tena kama kipofu, nikabonyeza Enter, likakubali. Mwanangu, sipendi kitu kinachosikiliza huku kimejifanya hakipo.

Mama yako,
Mwamvita

Kihesa, Iringa
5 Juni 2024

Mama,

Shikamoo. Kifua ni kile kile, usijali. Idd nitakuwa hapo kula pilau lako.

Umenichekesha! Nywila haionekani makusudi, ili anayekuchungulia begani asijue hata ina herufi ngapi. Haionyeshi, lakini inasikia. Wewe andika tu.

Nimekuwekea na kitu kingine. Nikitaka kukurekebishia jambo nikiwa huku, kitatokea kidirisha: “Hodi. Alawi anaomba kuingia.” Ukibonyeza Karibu, utaona nikisogeza mshale. Nimekipanga kwa adabu uliyonilea nayo: hodi tatu, nisipoitikiwa narudi zangu.

Mwanao,
Alawi

Mbeya
20 Juni 2024

Mwanangu,

Salamu nyingi. Hali yako? Idd imepita hukuja, na simu hupokei. Nimekasirika, nakwambia kweli. Pilau lako nimempa Zabron fundi saa.

Lakini juzi ulipopiga hodi hasira zote ziliisha. Nikabonyeza Karibu. Mshale ukazunguka, ukazunguka, polepole, kama mtu anayepapasa swichi gizani. Ukafungua ile picha ya marehemu baba yako amesimama mlangoni mwa duka, ukatulia juu ya uso wake hadi adhana ya magharibi. Nikakusemesha, hukuandika neno. Mbona uliondoka bila kuaga?

Mama yako

Kihesa
21 Juni 2024

Mama,

Shikamoo. Anayeandika ni Tekla, muuguzi jirani yangu. Mimi natamka tu. Niko kitandani tangu kabla ya Idd. Nilikuficha nisikuharibie sikukuu, nisamehe.

Kompyuta yangu imezimwa, iko kabatini. Mama, huyo si mimi. Ni mwizi anatumia jina langu, atavuruga kazi za wateja. Chomoa modemu. Akipiga hodi tena, usimwitikie. Niahidi.

Mwanao

Mbeya
27 Juni 2024

Mwanangu,

Pole sana, baba. Naandika kwa simu ya Jackline wa duka la pili, maana modemu nimeichomoa kama ulivyosema.

Leo alasiri hodi imekuja hata hivyo. Nikakaza mikono mapajani. Ikaja ya pili. Ya tatu ilikaa sana, nami nikaumia moyo, maana sijawahi kumnyima mtu karibu mlangoni kwangu, sembuse jina la mwanangu. Lakini nilikuwa nimekuahidi. Kidirisha kikajifunga chenyewe.

Kesho alfajiri napanda basi nije nikuuguze.

Mama yako

Mbeya
9 Julai 2024

Mwanangu Alawi,

Leo sikuulizi hali.

Basi lilikuwa limefika Chimala Tekla aliponipigia. Nilikukuta umeshavishwa sanda. Baada ya maziko akanisimulia. Anasema katika homa ile kidole chako kilikuwa kikizunguka juu ya shuka, kinazunguka tu. Na Alhamisi alasiri uligonga ubao wa kitanda. Ukasubiri. Ukagonga tena, ukasubiri. Mara ya tatu ulipokwisha kusubiri ukageukia ukutani, ukasema, “Mama hayupo,” na hukusema tena mpaka alfajiri ulipotutoka.

Nilikuwepo, mwanangu. Nilikuwa nimekaa pale pale, nimekaza mikono.

Modemu nimeirudisha, kompyuta siizimi. Kidirisha hakijatokea tena. Leo nimefungua lile dirisha jeusi, likaomba nywila, nami nikaandika karibu, karibu, karibu. Haikutokea herufi hata moja. Ulisema inasikia.

Mama yako