Wimbo Uliorukwa

Garsen, Jumamosi, 1998

Salim ameruka wimbo tena! Eti nyimbo za filamu za Kihindi ni kelele tu, zinamlia petroli ya jenereta. Anayebaki na aibu ni mimi, ninayekaa kando ya televisheni katika ukumbi wake wa video nikiwatafsiria watu.

Leo baba mtu alikuwa anamfukuza mchumba wa bintiye kwa fimbo. Salim akapeleka mkanda mbele. Mara mzee anamlisha kijana yule yule kwa mkono wake! Ukumbi mzima ukanigeukia: "Imekuwaje?"

Filamu nilikwisha kuiona, nikaeleza kwamba kwenye wimbo kijana alijigeuza mpishi, mzee akala, akalamba vidole, akaanza kucheza mpaka... Hakuna aliyecheka.

Mzee Guyo, aliyeacha ng'ombe wake kuja kutazama, akasimama. "Salim, rudisha wimbo. Hapo mimi naelewa mwenyewe, bila huyu."

Iliniuma. Lakini ni kweli. Aliyembadilisha baba yule ni wimbo, si mimi.

Salim hakurudisha. Naogopa nikimpinga atatafuta mtafsiri mwingine, na kazi nyingine sina. Potelea mbali.

Kesho akiruka wimbo, na mimi nitaruka maneno.