Siku Niliyoshuka Melini

Mtwara

Mama yangu,

Shikamoo. Asalaam aleikum wewe na wote mlioketi hapo wakati Hadija anakusomea. Magoti yanaendeleaje? Ile dawa ya kuchua niliyompa dereva wa basi ilishuka Kondoa, au iliishia Babati? Na uwele umesimama, au jua limeuwahi? Mimi mzima, ila nina uchovu ambao usingizi hauuondoi.

Naandika kwa sababu kwenye simu kila nikianza kueleza, unaanza kuniombea dua, na dua ikiisha mtandao nao umekata.

Mwezi uliopita tulikuwa doria, bahari imechafuka. Tukapata taarifa kwamba boti ya abiria imezimika injini karibu na miamba na maji yanaingia. Meli yangu ni kubwa, Mama. Nikiisogeza pale naipasua. Ikabidi niteremshe mashua ndogo. Wengi hawajui jambo hili kuhusu cheo: unavyozidi kupanda, ndivyo unavyotuma watoto wa wenzako mahali ambapo zamani ungekwenda mwenyewe. Aliyeongoza ni Luteni Neema, binti wa Mpwapwa. Kila wimbi lilipoifunika mashua yake nilisahau kupumua. Wakarudi wote, na abiria wote salama, Alhamdulillahi.

Kati ya abiria alikuwemo bibi mmoja, khanga imemgandia mwilini kwa maji. Nikampelekea chai mwenyewe. Akanishika mkono.

"Baba, mama yako yupo?"

"Yupo, bibi. Yuko Kondoa, kijijini Busi."

"Anajua leo uko wapi?"

Nikamwambia hajui. Akanitazama, akainamia chai yake, basi.

Tangu hapo kichwa changu kimekuwa huko nyumbani. Nakumbuka kiangazi tulivyofukua mchanga wa mto kutafuta maji, wewe unachota kwa kata na kunipa mimi kwanza. Nakumbuka mkufunzi wangu wa kuogelea alivyoniuliza, "Kondoa kuna bahari?" Nikajibu, "Kuna mchanga tu, afande." Akanisukuma majini! Na ile siku uliyokuja Dar nilipokabidhiwa meli, ukachovya kidole, ukaonja, ukauliza mbele ya maafisa wote, "Maji yote haya, mwanangu, na hata mbuzi hanywi?" Wanakuulizia mpaka leo.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Mkuu wetu aliniita ofisini.

"Kuna nafasi mbili," akasema. "Moja ni ubalozini, nje ya nchi. Ukirudi, cheo kinapanda. Ya pili ni ya mezani, Dodoma."

"Dodoma, afande."

"Mbona hufikiri?"

"Nimeshafikiri."

"Huko hakuna bahari."

"Kuna mama yangu, afande. Kutoka Dodoma naweza kumwona kila mwisho wa wiki."

Alivua miwani, akaifuta. "Wangu alizikwa nikiwa kozini," akasema. Halafu akaniambia niende nikajiandae kukabidhi meli.

Juzi nikakabidhi. Kwetu kamanda anayeondoka hapandi boti ya injini. Maafisa wake humpeleka nchi kavu kwa makasia. Neema alikaa mbele yangu, anavuta kasia, kauma midomo. Nilijiapia kwamba sitageuka nyuma, nikageuka. Askari wangu walikuwa wamejipanga ukingoni mwa meli, kofia mkononi. Mama, nimeishi ndani ya chuma kile mpaka nikawa najua kila mlio wake. Injini ikikohoa naamka kabla fundi hajaniita. Tangu nivae gwanda sikuwahi kulia mbele ya askari. Juzi nililia, na wala sikujificha.

Kwa hiyo usishangae ukiona nimefurahi nusu nusu. Nakuja kwa kupenda, lakini kuna kitu nakiacha, na nisingeweza kumwambia mwingine. Mkweo Salma ameshatupatia nyumba Miyuji, hapo Dodoma, na anapanga mahali pa kuweka mapazia. Kijana wetu wa chuo kule Chimwaga yeye analalamika kwamba sasa baba atamchunga.

Nisalimie mjomba wa mizinga ya nyuki, umwambie asali ya safari hii nataka yenye masega. Nisalimie shangazi wa kule Pahi, jirani yetu aliyetukopesha jembe mwaka ule wa njaa, na wajukuu wote. Hadija mdogo wangu, ahsante kwa kusoma. Ukifika hapa usilie, atadhani kuna msiba.

Nitafika Alhamisi mchana, Inshallah. Ijumaa baada ya swala nataka twende pamoja kwenye kaburi la Baba, tukae pale bila haraka, maana kila mara nilikwenda huku saa ya kurudi kazini inanisukuma.

Mama, ukisikia gari, usitoke juani kwa magoti hayo. Kaa hapo hapo ndani. Nitapiga hodi mwenyewe.

Mwanao,
Rajabu