Figo Yangu Imenyimwa Choo

Shangazi Suling, nakuandikia hapo gazetini nimefura, kwa hiyo mwandiko ukikushinda usiilaumu shule, mimi na shule tuliachana zamani na hasara ilikuwa yake. Nauza tambuu hapa mjini Chiayi, kijana mwenye sura na afya ya farasi, ndiyo maana kaka yangu Jinfa alipokaribia kufa mimi ndiye niliyepasuliwa nikampa figo yangu moja, wala sikulia, muuguzi mwenyewe alishangaa. Sasa sikiliza anavyoitendea. Daktari alisema mbele yangu kwamba pale mrija wa figo ulipoungwa kwenye kibofu pamelegea, kibofu kikijaa, mkojo unarudi juu kwenye figo pamoja na vijidudu, homa inapanda, homa inaacha kovu, na kovu halichuji kitu, kwa hiyo Jinfa asibane mkojo, na akisikia baridi tu akimbie hospitali. Yeye anakimbilia mahjong, kamari ya vigae. Kila jioni yuko kwa Mama Mdogo Yuetao, na unawajua watu wa vigae, anayeliwa pesa huenda chooni kunawa nuksi, anayekula hainuki, bahati itamtoroka. Na huyu mjinga anakula kila siku.

Juzi nikamwambia, "Kaka, nenda ukakojoe."

"Dogo, tangu lini umekuwa mama yangu?"

"Hiyo figo ni yangu."

"Basi ichukue uipeleke chooni, mimi nimebakiza kigae kimoja nishinde."

Watu wakacheka mpaka chai ikamwagika. Mama Mdogo naye akaongeza, "Mwacheni mtoto, anadai figo kama anadai baiskeli." Nikatupa kigae changu kwa hasira, kumbe ndicho kilekile alichokuwa anakingoja.

Kesho yake anatetemeka chini ya mablanketi, anakunywa supu ya kuku ya tangawizi, anameza vidonge vilivyobaki vya homa ya kwanza, ile iliyoacha kovu, na kutuficha anatuficha. Alipofikishwa hospitali, picha ikaonyesha kovu la pili. Daktari anasema mrija unaweza kurekebishwa, Jinfa anasema mpaka sikukuu za mwaka mpya zipite, na sikukuu ndiyo vigae asubuhi mpaka asubuhi. Shangazi, nimefika mahali nawasha udi hekaluni kumwombea kaka yangu aliwe pesa. Nimpige, au nimshtaki anirudishie mali yangu?

Ahok wa tambuu

SHANGAZI SULING ANAJIBU

Ahok, hasira yako ni halali, majigambo yako yananichosha. Figo uliyotoa si mali yako tena, hakuna mahakama itakayoitoa tumboni mwa mtu. Na usimpige. Ngumi ikitua chini ya tumbo, hapo ndipo figo ilipo, na utakuwa umemsaidia kumaliza kazi aliyoianza.

Wewe Jinfa, najua gazeti hili mnafungia tambuu, kwa hiyo utalisoma. Vidonge vilivyobaki ni uchafu, tupa. Homa ya figo haitolewi na kuku. Una makovu mawili kwenye kitu ambacho mwenzako alilazwa mezani akachanwa ili ukipate, halafu unamchekesha nacho watu. Huna haya.

Nirudi kwako, Ahok, maana barua yako nimeisoma mara mbili. Umesema ulitupa kigae. Kigae gani? Anayesimama pembeni hana kigae. Kumbe unakaa naye mezani, wewe ndiye mtu wa nne, na watatu hawachezi mahjong, wanabaki kutafuna mbegu za tikiti na kutazamana. Umesumbua miungu kwa udi, na dawa umeikalia.

Kwa hiyo leo, kila mnapomaliza mzunguko mmoja au miwili, simama. Simama hata kama wewe ndiye unayekula. Usirudi kitini mpaka Jinfa aende, amalize, angoje kidogo, ajaribu tena. Wakikutukana, wakutukane umesimama. Akitetemeka, mburute hospitali saa hiyohiyo. Na asipoandikisha siku ya kurekebishwa huo mrija, kabla ya sikukuu, kiti chako kikae kitupu mpaka aandikishe.

Ukishasimama, pitia chooni na wewe. Umebaki na moja.